Dirisha la Chumba cha Sufi

Watu wa Mtaa wa Msimbazi walimjua Ignasi kwa nyusi zake. Hata Jumapili, akitoka kanisani na shati lililopigwa pasi likanyooka, hukukosa kuona uzi mweupe wa sufi umenasa juu ya jicho, na wenzake walimtania kwamba yeye alizeeka siku ileile aliyoajiriwa. Mwenyewe alicheka tu. Alitoka Songea akiwa kijana, akakata mkonge, mkonge ukamshinda, akaingia Dar es Salaam na nguo alizovaa. Mtu wa namna hiyo akipata kazi ya kudumu hasumbuliwi na nyusi.

Kazi aliipata kwa Suud bin Awadhi, mtengeneza magodoro, karibu na Soko la Kariakoo. Ukisikia kiwanda usifikirie bomba la moshi na king'ora. Ilikuwa nyumba ndefu ya kizamani, ya udongo na mawe: mbele duka, katikati ua, nyuma vyumba viwili, kimoja cha makumbi ya nazi na kimoja cha sufi. Kwenye pembe ya ua, ukuta mmoja na chumba cha sufi, kulikuwa na choo cha shimo. Mzee Awadhi, baba yake Suud, alianza kushona hapo kabla ya vita vya Hitla, na kufikia miaka ya Azimio la Arusha ilikuwa kazi kupata nyumba kati ya Ilala na Magomeni ambayo haikulalia godoro la watu wale.

Sasa sufi, hiyo pamba ya mti wa msufi, ina tabia yake. Ni nyepesi kuliko ahadi ya mchumba. Ukiifungulia mlango kidogo tu, imekwisha kuwa mali ya jirani. Ndiyo maana chumba cha sufi hakikuwa na dirisha. Wanawake waliingia asubuhi, wakajifunga vitambaa puani, mlango ukarudishwa, wakaipiga sufi kwa fimbo mpaka mbegu zidondoke na ile nyeupe ifumuke. Mle ndani vumbi hawakuliona. Walilijua jioni walipotoka, kila mmoja akiinama kwanza mferejini kukohoa na kutema kabla hajaweza kuaga wenzake. Mmoja wao alikuwa Klara, Mmatengo mrefu, mwenye kicheko kilichovuka ukuta. Ignasi alipopandishwa kuwa msimamizi alimwoa, wakapanga chumba Buguruni, wakamzaa Severa, wakamkuza, wakamwoza. Na miaka yote hiyo Klara alikuwa akiingia chumbani mle asubuhi na kutoka jioni.

Suud hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalochoma katika habari hii. Mtu mbaya ungemtukana ukapumua. Huyu alilipa mishahara kwa wakati, alizika wafiwa, na akili ya biashara alikuwa nayo. Alipenda kukaa juu ya kaunta asubuhi na kikombe cha kahawa, miguu ikining'inia, akimfundisha Ignasi mambo ya kiwanda kana kwamba Ignasi naye anacho cha kwake.

"Bidhaa ni kama mtu, Ignasi," alisema. "Inazaliwa, inatambaa, inasimama dede, inatembea, inazeeka. Nyumba ya kiwanda lazima iwe na watu wa rika zote. Mzee, mtu mzima, na mtoto. Mtu mzima ndiye anayewalisha wengine."

Mzee, wakati huo, alikuwa godoro la makumbi, gumu kama ubao, la mabweni na nyumba za wageni. Mtu mzima alikuwa godoro la sufi. Na sufi ililisha kweli, kwa sababu ya desturi moja: godoro la sufi hurudi. Kila mwaka likishikana mabonge, na mwezi wa Shaabani ukiandama, watu wa Kariakoo huyabeba magodoro yao vichwani kuyapeleka kufumuliwa, ili Ramadhani iwakute wamelala mahali laini. Wakristo nao walikuja Desemba. Mtu akifa, godoro lake lilifumuliwa, sufi ikaanikwa, likavishwa kitambaa kipya na kutolewa sadaka. Kwa hiyo Suud alikuwa akiuza godoro moja na kulipwa kwalo maisha yote ya mwenyewe na kidogo baada ya hapo.

Mtoto alikuwa sponji. Magodoro ya sponji yalikuwa yakiingia mjini kutoka Mombasa, mepesi, ya rangi, yamefungwa nailoni, na maharusi waliyataka hayo. Suud aliyaona mapema kuliko wenzake. Lakini aliona pia kwamba sponji hairudi, ikichoka hutupwa. Akasema hatakurupuka. "Mjinga ni yule anayemzika mama kabla mtoto hajaacha ziwa," alisema, na Ignasi akaona hiyo ni hekima, na kwa kweli ilikuwa hekima.

Mambo yakageuka taratibu. Nyumba ya ghorofa ya Suud, aliyokuwa akipangisha, ilichukuliwa na serikali pamoja na majumba mengine, na tangu hapo akajifunza kuweka mambo yake tumboni. Kisha vijijini watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, misufi yao ikabaki kwenye mahame. Hakuna aliyerudi kuipanda na kuiangua. Sufi iliyofika mjini sasa ilikuwa ya kuokotwa chini, imechanganyika na mchanga na kinyesi cha panya, na wanawake waliipiga mara mbili ili itoke nyeupe kama ile ya zamani. Klara akaanza kikohozi kisichokwisha na jioni. Kicheko chake kikawa kinakatika katikati, na yeye mwenyewe akafanya mzaha kwamba sasa anacheka kwa awamu.

Halafu mpaka wa Kenya ukafungwa, sponji ya Mombasa ikakatika, na Suud akaona mlango umefunguka mbele yake. Akanunua pipa kubwa la kukorogea na sanduku la mbao la ukubwa wa kitanda. Sponji, alimweleza Ignasi, ni dawa mbili za maji kutoka ng'ambo. Zinavyochanganywa hakumweleza. Alijifungia peke yake chumba cha makumbi, ambacho kilikuwa tupu tangu makumbi yaache kununuliwa, akatoka na kipande cha sponji mfano wa mkate wa boflo, akakibonyeza mbele ya Ignasi, kikarudi.

"Siku tukianza hii," Suud alisema, "mkeo atatoka chumbani. Atakaa mbele pale na Bi Zamzam, ashone."

Bi Zamzam alikuwa mshonaji mkuu, aliyekaa dukani penye upepo na redio. Ignasi alizibeba habari hizo mpaka Buguruni kama mtu aliyebeba mayai. Usiku ule Klara alikohoa, akanywa maji, akauliza, "Lini?"

"Mwakani."

Tangu siku hiyo Ignasi hakuwa na jambo jingine duniani. Wengine walitaka baiskeli, wengine redio ya mkulima. Yeye alitaka sponji ianze kabla kifua cha Klara hakijafunga.

Klara hakutaka hata hayo makubwa. Siku moja alimwambia, "Baba Severa, kamwambie bosi atutobolee dirisha. Dogo tu. Aweke na wavu wa mbu, sufi haitatoka."

Ignasi alikwenda kusema. Suud alimsikiliza vizuri, akazishika ndevu zake udevu mmoja mmoja. "Ignasi, chumba kile mwakani hakipo. Sufi inaondoka. Nitoboe ukuta kwa ajili ya nini? Mgonjwa wa kufa hashonewi kanzu ya Idi."

Ignasi akaona hilo nalo ni sawa. Hapo ndipo mtu ungependa kumshika bega na kumtikisa. Lakini yeye alikuwa msimamizi, alikwisha kufundishwa kufikiri kama mwenye mali, akarudi na kumwambia mkewe avumilie, kwa sababu sufi imekwisha kuwa kizee, inakaribia kuondoka. Klara akasema, "Haya," akajifunga kitambaa. Mwakani ikafika ikawa mwaka huu, na mwaka huu ukasema mwakani.

Sababu ilikuwa dawa. Fedha za kigeni hazikuwepo nchini, na kibali kilipopatikana kilikuwa cha kuleta kidogo. Suud hakutaka kuanza na kidogo. "Ukimwonjesha mteja halafu ukamnyima, huyo umempoteza," alisema. Kwa hiyo kila mapipa yalipofika yaliingizwa chumba cha makumbi, yakafunikwa kwa magunia, mlango ukafungwa, na ufunguo mmoja akapewa Ignasi. "Yakitimia tunaanza. Ulimi wako ufunge. Wala usiyaguse." Ignasi aliufunga ulimi. Hakuuliza kama serikali inayajua mapipa yale, na Suud hakusema. Mfanyakazi aliyeaminiwa ufunguo huona aibu kuuliza mlango unafungwa kwa nini.

Ukaja mwaka wa themanini na tatu, na msako wa walanguzi. Asiyekuwepo atadhani tunatia chumvi. Sabuni zilitupwa mitaroni na watu waliokuwa na sabuni. Vitenge vilikutwa vinaelea Mto Msimbazi. Watu waliokaa miezi bila sukari waliiona sukari barabarani wakaogopa kuiokota. Redio ilitaja wahujumu uchumi asubuhi na jioni, na kila aliyekuwa na kitu kingi kuliko cha leo alijiona ni mmoja wao. Na Suud ndiyo kwanza alikuwa amesafiri Kilosa kutafuta sufi, huko ambako huwezi kumpata kwa simu wala kwa mbiu.

Ijumaa, mwenye duka la mabati jirani yao alichukuliwa pamoja na msimamizi wake. Ni yule msimamizi aliyemtoa Ignasi jasho. Alikuwa mtu wa mshahara tu, kama yeye, na wa ufunguo, kama yeye. Mgambo wakawa wanakuja upande huu, duka kwa duka, na habari zao zikiwatangulia. Ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Bi Zamzam alikwisha kwenda kuswali, wanawake wa sufi walikuwa wamekwenda kula. Kiwandani walibaki Ignasi na Klara, ambaye siku hizo hakuwa akila mchana.

Alimwita uani, akamfungulia chumba cha makumbi, akamwonyesha.

Klara aliyatazama mapipa. "Si ndiyo hii ya kunitoa mimi chumbani?"

"Ndiyo yenyewe."

"Na unataka kuimwaga."

"Wakiikuta, bosi kafungwa na mimi nimefungwa."

Klara alitafuta pumzi. "Basi mwaga. Wewe ukifungwa, mimi nitatolewa na nani?"

Waliyabiringisha mpaka chooni. Dawa ya kwanza ilikuwa nzito, ikashuka shimoni polepole kama asali, pipa baada ya pipa. Ya pili ilikuwa nyepesi, na ilipofunguliwa harufu yake iliwakata macho. Ignasi alidhani ni ukali wa dawa tu, kama dawa ya mbu. Akamimina. Kwa muda hakukutokea kitu, naye akashukuru Mungu. Kisha shimo likaanza kunguruma.

Ilipanda yenyewe. Ilikiinua kifuniko cha mbao, ikamwagika juu ya sakafu ya choo, nyeupe yenye umanjano, ikiumuka kama maandazi yaliyotiwa hamira na mwendawazimu, ya moto, ikitoka mlangoni na kuutafuta ua. Moshi wake haukuonekana, lakini koo zao ziliuona. Klara, mtu wa ajabu yule, alicheka. "Kumbe ndiyo hii," alisema. Miaka yote aliyoingojea ndiyo mara ya kwanza anaiona.

Halafu wote wawili wakaelewa. Walitaka kuficha maji, sasa wana kilima. Ignasi akachukua panga la makumbi, akawa anakata. Klara akakimbilia dukani, akarudi na vitambaa vya magodoro vilivyokwisha kushonwa pande tatu, akapiga magoti palepale mlangoni pa choo na kuanza kujaza. Hakuna aliyejua kujaza godoro kama yeye. Alisukuma vile vipande vya moto mpaka kwenye pembe, uso wake ndani ya mdomo wa kitambaa, akisukuma na kukohoa. Ignasi alimwambia apumzike. Akasema, "Wewe kata." Akakata.

Mgambo walipoingia dukani, uani palikuwa na magodoro matatu yenye mabonge, na sponji yote iliyobaki imefunikwa magunia. Walikuwa wawili, vijana, wamechoka. Hawakufika uani. Mmoja alilibonyeza godoro la sufi lililokuwa mbele, akauliza kama hakuna dogo la mtoto, akaambiwa hakuna, wakaaga vizuri wakaenda duka la pili.

Ignasi alirudi uani kumwambia mkewe kwamba wamepona. Alimkuta ameegemea ukuta wa chumba cha sufi, mikono magotini, mdomo wazi, na hewa haiingii.

Alimpakia kwenye mkokoteni mpaka barabarani, na barabarani akapata teksi. Hospitali, daktari kijana alimsikiliza kifua, akauliza, "Amevuta nini huyu?" Swali jepesi, na jibu lilikuwa mdomoni. Lakini kule barazani palikaa askari wa zamu, na Ignasi alikuwa na ulimi aliouzoeza kufungwa. Akajibu, "Vumbi la sufi. Ni kazi yake." Daktari aliandika sufi, akatibu sufi. Klara alimtazama mumewe kwa macho yaliyovimba, wala hakumsuta, maana pumzi ya kumsuta hakuwa nayo. Alifariki Jumapili, kengele za kanisa zikisikika dirishani. Wodi ile ilikuwa na madirisha mengi.

Suud alirudi na lori la magunia ya sufi siku ya kuzika, akaja Buguruni moja kwa moja na vumbi la safari mwilini, akashika jeneza pamoja na wengine. Walipobaki wawili nyuma ya nyumba, Ignasi alimweleza kila kitu, kwa sauti ya mtu anayengoja kupigwa.

Suud hakumpiga. Alikaa juu ya tofali. "Mapipa yale yalikuwa yanajulikana, Ignasi. Mimi mwenyewe nilikwenda wizarani nikayaandikisha. Walikuja wakayaona, siku uliyokuwa Pugu. Walinipa ruhusa niyaweke mpaka yatimie."

Kina mama ndani walikuwa wanaimba. Ignasi aliusikiliza wimbo mpaka ubeti ukaisha.

"Mbona hukuniambia?"

"Sikuona haja," Suud alisema, na baadaye akaongeza, "Mtu hatoi yote ya tumboni."

Baada ya matanga Ignasi alirudi kazini, maana kodi ya chumba haina matanga. Alimkuta Suud uani, kafumua godoro moja kati ya yale matatu. Alikuwa ameshika kipande cha sponji ya Klara mkononi. Alikibonyeza, kikarudi. Alikibonyeza tena, akakinusa, akayatazama matundu yake kwenye mwanga wa jua, na usoni mwake ikapita ile furaha ya fundi anayeona kitu kimeiva. Kisha akamwona Ignasi, akakiweka chini haraka.

Vibali vilichelewa, lakini vilikuja. Safari hii Suud aliuliza watu wanaojua, wakamwambia dawa ile haitaki chumba kisicho na hewa, inaua. Basi akaamua sponji ichanganywe chumba cha sufi, kwa kuwa ndicho kikubwa, na akaita fundi mwashi. Wanawake wawili waliobaki wa sufi wakapelekwa mbele, kushona na Bi Zamzam. Kiti cha tatu kiliwekwa vilevile, kwa mazoea au kwa heshima, na wateja wakawa wanaweka vikapu juu yake.

Fundi alikuja baada ya chai. Ignasi alisimama uani muda wote huo, mikono nyuma, akiangalia tindo ikiingia ukutani. Udongo ulitoka kirahisi, vipandevipande, na kila kipande kilichoanguka kilikuwa na sufi ya miaka imegandamana upande wa ndani. Mwanga ukaingia. Fundi akatia fremu, akapigilia wavu. Adhuhuri haijaadhiniwa, alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo.

"Umemaliza?" Ignasi aliuliza.

"Nimemaliza, mzee. Kwani ukuta huu una nini? Kazi ya asubuhi moja."

Ignasi aliingia ndani. Alikwenda mpaka kwenye kona aliyokuwa akikaa Klara, akainama mpaka kimo cha mtu aliyekaa chini, uso wake kwenye dirisha. Upepo uliingia vizuri kabisa, na sufi iliyobaki sakafuni ilitikisika tu, wavu ukaizuia. Alikaa hapo akivuta pumzi mpaka Suud alipomwita nje, aje asaidie kushusha mapipa.